Nusu ya Baba Katika Duka la Vitambaa

Baba alipofariki, mthamini alikuja dukani kwetu Dar es Salaam kukadiria mirathi tutakayogawana mimi, mama na kaka zangu. Duka lilikuwa la ubia, nusu ya baba, nusu ya baba mdogo. Akathamini mali yote, akaigawa mafungu mawili, kisha fungu la baba akalipunguza kwa theluthi. Nilijua tu baba mdogo kamhonga. Nikaacha kumwamkia.

Lakini mzigo ulikuwa unasubiri Guangzhou, na baada ya baba mimi ndiye niliyejua vitambaa. Tukasafiri pamoja, tumenuniana njia nzima.

Pale Zhongda, soko la vitambaa, tukingoja majora yafungwe, tulikaa na mama mmoja wa Mombasa, mnunuzi wa miaka mingi. Nikamuuliza, ili baba mdogo asikie: "Mama, ukiuziwa nusu ya duka letu, utatoa nusu ya thamani yake?"

"Nusu nyingine ya nani?"

"Ya huyu baba yangu mdogo."

Akacheka. "Sasa mimi ntakuwa nimenunua nini? Yeye ndiye anayeendesha duka, ndiye ataamua kinunuliwe nini na faida igawanywe lini. Nikichoka, ntamuuzia nani? Nipunguzie sana, ama sitaki."

Baba mdogo aliinamia risiti zake. Kumbe hakumhonga mtu, na miezi yote ile hakujitetea hata mara moja. Uso ukaniwaka kwa haya, nikamwomba radhi palepale.

Kisha nikashtuka kwa furaha. Hiyo ilikuwa bei ya mtu baki. Mimi si mtu baki!

"Baba mdogo, nikinunua mafungu ya mama na kaka zangu, utanisikiliza kama ulivyomsikiliza baba?"

"Baba yako? Yule tulibishana kila jora."

"Nami ntabisha."

Akakunja risiti zake. "Basi njoo tubishane, mwanangu."

Nilikimbilia kibanda cha simu. Kaka zangu niliwaeleza yote, kwamba kwangu fungu lina thamani kubwa kuliko alivyoandika mthamini, na nitawaongezea.

"Lipa taratibu," kaka mkubwa akasema. "Mama apate chake kwanza."

Nilirudi mbio nikipigana vikumbo na wapagazi. Baba mdogo alikuwa kwenye krepi ya buluu, anamwonyesha laoban, mwenye duka, vidole viwili: majora mia mbili.

"Hamsini!" nikapaza sauti toka mlangoni.

"Mia mbili!"

Laoban alishika kikokotoo chake, hajui amwonyeshe nani. Tukachukua themanini.