Kutu ya Lori la Chumvi

Juzi mjukuu wangu, ambaye siku hizi anajifunza kuchora batiki, aliinjika sufuria ya nta jikoni kwangu bila kuniambia. Nilikuwa nimejilaza sebuleni, miguu juu ya kigoda, na harufu ile iliponifikia nikajikuta nimekaa wima. Ilikuwa nusu tu ya harufu ninayoijua. Nusu ya pili, ya oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, niliijazia mwenyewe, na kabla sijamwita mtoto nilikuwa nimekwisha kufika Tabora, uani kwetu Ng'ambo, mwishoni mwa kiangazi, mikono yangu imekuwa myekundu kwa kutu hadi viwikoni.

Baba yangu, Mihambo, alikuwa na lori. Nikisema hivyo msinifikirie mtoto wa tajiri. Lilikuwa gari la jeshi ambalo Waingereza waliliuza baada ya vita, walipoona limewatumikia vya kutosha. Baba alipakia chumvi ya Uvinza iliyoshushwa na treni pale stesheni, akaipeleka Nzega na Igunga, akarudi na karanga au mpunga. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyeitoa chumvi hiyo hiyo Uvinza kwa miguu, kwenye njia ya misafara ya Ujiji. Baba alipenda kusema kwamba mzee yule chumvi ilimla bega, na yeye inamla gari.

Na kweli ilikuwa inalila. Masika magunia yalitoa jasho, maji ya chumvi yakapenya kati ya mbao na kudondokea kwenye chuma cha chini, yakakaa humo kama mgeni asiyeaga. Ukigonga mahali palipoonekana pazima, rangi ilibanduka vipande vipande na chini yake ukakuta unga mwekundu. "Kutu haiponi," mama alizoea kusema. "Hubembelezwa tu ilale."

Kuibembeleza ilikuwa kazi yetu ya kila mwaka kabla ya mvua za kwanza. Lori liliinuliwa juu ya magogo, likaoshwa kwa maji mengi mpaka ukiramba chuma husikii chumvi. Kuramba ilikuwa kazi yangu na niliifanya kwa fahari kubwa. Kisha tulikwangua, baba kwa patasi, mama na mimi kwa brashi za waya, tukiwa tumelala chali chini ya gari, macho tumeyafumba nusu. Jioni tulikohoa na kutema mate mekundu. Baada ya hapo chuma kilipanguswa kwa mafuta ya taa, kikapakwa rangi ya kwanza, nyekundu na nzito kama uji wa mtama, kikaachwa kikauke. Rangi ya kijani ilifuata juu yake. Mwisho kabisa, kwenye mashimo na pembe ambazo brashi haifiki, baba alimimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na oili chafu, ingali moto. Nta tuliipata kwa warina asali wa porini, nayo ilinukia miombo. Baba hakuruhusu hatua yoyote irukwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka ninaousimulia yalikuwa yamepungua zaidi. Alikaa chini akiegemea gurudumu, akaitazama brashi iliyo mkononi mwake kama aliyesahau matumizi yake, kisha akainuka tena.

Mwaka huo, lori likiwa bado juu ya magogo, limekwanguliwa upande mmoja na kupakwa nyekundu upande wa pili, aliingia mjomba Maganga. Mjomba alikuwa kaka yake mama, akiishi kwao kijijini, mbele ya Nzega. Alikuja kwa baiskeli, vumbi limemfunika mpaka kope. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika "Marahaba" bila kuniangalia, naye si mtu wa kutoniangalia. Alipopewa maji akayashika tu.

"Mama yetu hali chakula tena," alimwambia mama. "Anakutaja wewe."

Mama alikuwa ameketi juu ya debe, mdogo wangu wa mwisho ananyonya. Aliangalia lori, na mjomba naye akaliangalia, kisha wote wawili wakamwangalia baba, ambaye alikuwa ametoka chini ya gari na kusimama akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji," mjomba akasema, "magurudumu yapo. Injini ipo. Tulishushe sasa hivi, kesho asubuhi tuwe nyumbani."

Baba alijifuta kidole kimoja kimoja. "Rangi haijakauka," akasema.

"Rangi?"

"Nipe muda kidogo. Kesho kutwa, pengine siku moja zaidi. Likikauka nawapeleka wote."

Mjomba alimgeukia dada yake angojee yeye aseme. Mama alimhamisha mtoto titi, akainamisha kichwa. "Tutakuja naye, kaka," akasema. "Tangulia."

Basi la Nzega, la mara moja kwa wiki, lilikuwa limekwisha kupita, na malori ya wafanyabiashara wengine yalikuwa mbali, huko kwenye pamba. Mjomba hakulala kwetu. Alikunywa yale maji, akageuza baiskeli, akaondoka jua likiwa bado kali. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, lakini mjomba alipanda baiskeli yake bila kumpa mkono.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko urefu wa siku. Mzee mmoja mhunzi alikuja na kipande kinene cha chuma, akaingia chini ya gari pamoja na baba, wakagonga, wakagonga. Sikujali. Mimi nilikuwa nikigusa rangi kila nilipopita, na kila nilipoigusa iliniachia wekundu kwenye ncha ya kidole, nami nikaichukia. Usiku nilimsikia mama akipumua kama mtu aliye macho.

Tulipofika kijijini tulikuta bibi amezikwa jana yake. Mama alishuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye udongo mbichi, akaketi pale. Baba alibaki amesimama kando ya lori lake lililong'aa, na watu waliokuja kutupa pole walimpita. Mjomba Maganga alimpa pole dada yake, akanipa na mimi. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa maisha yake hakuonja chakula nyumbani kwetu. Akija Tabora kuuza mpunga, alimwita mama nje ya ua, wakazungumza wamesimama.

Nami nilikua nikijua, kama mtoto anavyojua jina lake, kwamba baba yangu aliwahi kuchagua rangi badala ya mama mkwe wake. Nilipoolewa nilimchagua mume asiyemiliki chochote cha kupaka rangi.

Baba alitangulia kufa, kisha mjomba. Ndipo siku moja, nikiwa nimekwenda kumfulia mama ambaye vidole vyake vilikuwa havikunjiki tena, nikamuuliza alimsameheje baba.

"Kwa lipi?" akauliza, na nilipomweleza akawa kama anayetafuta kitu mahali alipokiweka zamani. "Ile haikuwa rangi," akasema. "Ulikuwa mdogo. Ile mihimili miwili mirefu inayobeba gari zima, mmoja ulikuwa umeliwa. Ni mimi niliyeuona, nikikwangua. Kidole changu kilipita upande wa pili. Tungepakia watu tukashika barabara ya Nzega, lingekatika katikati na sisi ndani, na wewe ndani. Tulikuwa tukimngojea mhunzi."

"Mbona hakumwambia mjomba?"

"Maganga alikuwa na mdomo. Angeitangaza habari hiyo Nzega nzima, na nani tena angempa baba yako chumvi yake abebe? Tungekula nini?"

Nikamwambia kwamba hilo naliona, lakini lori lenyewe liliuzwa chuma chakavu kabla ya Uhuru. Baada ya hapo kulikuwa na siri gani tena? Kwa nini miaka yote hiyo wasimwambie?

Mama alikuwa akitazama maji ya sabuni ndani ya karai. "Mara moja nilitaka kumwambia," akasema. "Baba yako akanikataza. Alisema, mwache. Amefiwa na mama yake na hakufika na dada yake, sharti awe na mtu wa kumkasirikia. Akinikasirikia mimi, hatakukasirikia wewe uliyemwambia atangulie."

Akanisogezea shuka iliyobaki. Nilikuwa nimefikia umri wa kuwa na wajukuu, nikidhani nimekwisha kujua uchovu wa baba ulitoka wapi. Nilidhani ulikuwa wa barabara, wa magunia, wa kukwangua kila mwaka kitu ambacho hakiponi. Sikujua kwamba kila mjomba alipoita nje ya ua, baba, aliyekuwa ndani akisikia kila neno, alinyamaza kwa hiari yake, na kwamba kunyamaza huko pia kulikuwa kazi, ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya.