Pombe ya Dada Iliyoingia Kwenye Rejeta

Dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa kiangazi, nikiwa nimerudi likizo kutoka bwenini. Ameolewa upande wa Gitarama. Huku kwetu, msichana akizaa mara ya kwanza, wazazi wake humpelekea pombe kwa mumewe; ndiyo guhemba. Asiyepelekewa huonekana hana watu. Wakwe hawatasema kitu siku hiyo. Watangoja siku ya ugomvi ndipo wamkumbushe.

Baba alikuwa ameshaahidi siku ya harusi, glasi mkononi, mbele ya wazee wa pande zote: binti yangu akizaa nitakuja mwenyewe na lori langu, mtasikia honi kabla hamjaniona. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, na hata mimi niliona fahari.

Tukatuma habari kwamba tutafika Jumamosi. Mama, ambaye ni mtu wa Bukoba na ndiye aliyetuzoesha Kiswahili nyumbani kwetu Kicukiro, akavundika ndizi, akakamua, akafunika. Alhamisi alionja.

"Imefika," alisema. "Ikipita Jumamosi ni siki."

Lakini lori lilikuwa linavuja. Ubavuni mwa injini kuna manifoldi ya ekzosi, chuma kinachopokea moshi wa injini, nayo imeshikwa na stadi, zile bolti zisizo na kichwa. Kwenye lori letu matundu ya stadi hizo yanapenya hadi ndani, kwenye maji ya kupoza injini. Uzi wa stadi, ile mikato ya kukazia, ukichoka, maji hutafuta njia hapo. Yalitoka tone kwa tone, yakadondokea manifoldi ya moto, chsss, yakaacha ukoko mweupe.

Dawa yake Baba aliijua vizuri sana. Unangoja injini ipoe, unamwaga maji, unatoa manifoldi, unafungua stadi, unasafisha uzi wake mpaka ung'ae, unaupaka gundi, unarudisha, halafu unaliacha gari lilale mpaka gundi ishike. Alishawafanyia wenzake, na waliokuwa wakikaza tu kwa spana aliwacheka.

Jioni hiyo alikuja rafiki yake, fundi wa Kizaire anayekaa nyumba ya pili. Aliinama, akachungulia.

"Papa, hii iko na dawa moja tu. Toa yote. Kesho nakusaidia, Jumapili unaenda."

"Jumapili pombe itakuwa siki."

"Basi kodi taksi. Weka madumu, weka mama, muende."

"Nifike kwa wakwe na gari la kukodi? Baada ya yale niliyosema?"

"Ng'oa honi basi, uipakate ndani ya taksi."

Mama alicheka sana. Baba hakucheka. Alichukua spana, akaiongezea bomba ili apate nguvu, na injini ilikuwa bado ya moto. Mimi na Mama tulikuwa upenuni tukichuja pombe. Tulisikia: tak.

"Imekatika," Mama akasema taratibu, bila kuinua macho kwenye chujio.

Ijumaa nzima walitoboa kisiki cha stadi kwa keekee. Keekee iliteleza, tundu likawa kubwa kuliko stadi mpya, wakaizungushia katani yenye gundi na kuisukumiza hivyo hivyo. Fundi alifuta mikono, akasema, "Ilale mpaka kesho jioni. Usiiguse, Papa." Jumamosi asubuhi Baba aliwasha.

Tulivuka Nyabarongo vizuri. Baba alikuwa akipiga mluzi. Mlima wa kwanza baada ya daraja, mvuke ukajaa mbele yetu. Mbele kidogo palikuwa na kizuizi, kama vilivyokuwa kila mahali tangu vita vianze kule kaskazini. Askari akaja mbio, akatukataza kurudi mtoni kuchota maji, akataka tuondoe lori barabarani haraka. Dumu letu la maji ya akiba lilikwisha mara moja.

Baba akapanda nyuma, kwenye pombe.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Kidogo tu."

Akaimimina kwenye rejeta badala ya maji. Povu likamrukia kifuani. Lori likaenda, likinuka ndizi zilizoungua. Mlima uliofuata alisema tena, "Kidogo tu." Mama alishuka, akachukua dumu moja, akaliweka katikati ya miguu yake pale mbele, akalishika mpini.

Kilima cha mwisho lori lilizimika. Mapaa ya kwa wakwe tuliyaona. Nyuma pombe ilikuwa imekwisha. Baba akanyoosha mkono kwenye dumu la Mama.

"Hili hapana," Mama akasema.

"Tufike tukisukuma? Pale wanatuona!"

Nilitaka kusema tulibebe, tutembee, mimi na Mama, ni karibu. Mama aliuachia ule mpini, kidole kimoja kimoja.

Tuliingia na honi. Baba aliipiga ndefu, watoto wakakimbia mbele yetu wakipiga kelele, na dada alisimama mlangoni na mtoto wake, amevaa vizuri, anacheka. Shemeji zake wakaja kupakua. Mmoja, kijana mwenye kifua kipana, alitanua miguu, akashika dumu kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu za dumu lililojaa. Nusura aanguke chali.

Watu waliangua kicheko. Mama mkwe akanusa hewa. "Kumbe lori limetangulia kunywa," akasema, na kicheko kikazidi. Nilimtazama dada. Alikuwa amegeuka, anamfunika mtoto ambaye tayari amefunikwa.

Walitukaribisha. Walileta pombe yao wenyewe, wakatumiminia, sisi tuliokuja kumletea dada. Baba alikunywa akitazama ndani ya kikombe.

Chumbani dada alinipa mtoto nimshike. Alikuwa mzito, wa joto. "Mngekuja kwa miguu," akaniambia. "Na dumu moja. Lingetosha."

Wiki iliyofuata Baba aliifanya ile kazi yote kama inavyotakiwa. Rejeta ilitoa uji wa kahawia, nyuki wakajaa uani. Stadi zote alizitoa, akazing'arisha moja moja, akazipaka gundi, akarudisha, na lile tundu lililopanuka akalitilia stadi nene zaidi. Kesho yake fundi alipita.

"Papa, imeshika hiyo. Washa."

"Ilale," Baba akasema.

Keshokutwa yake gundi ilikuwa ngumu kama jiwe, nami nilimkuta bado amekaa juu ya tairi kuukuu, akilitazama lori. Nilimletea chai.

"Iache tu ilale," akasema, ingawa sikuwa nimeuliza.