Dawa ya Ng'ombe Mdomoni Mwangu

Nimeishia darasa la nne, na nyumba yangu ya Kiseke hata wenye digrii wakiipita wanageuza shingo. Yote hiyo imetokana na kununua na kuuza ng'ombe, na ng'ombe wangu nawatibu mwenyewe. Iwe jicho, iwe kwato, naweka dawa, mnyama anasimama. Kwa hiyo kilipotoka kidonda pembeni mwa ulimi wangu, sikuona sababu ya kupanga foleni na watu wenye mafua.

Hakikuuma. Kingeuma ningekiogopa. Kilikaa tu, kigumu kwa chini, upande uleule ninaoweka ugoro. Nikachukua dawa ya zambarau tunayowapulizia ng'ombe vidonda, nikapuliza mdomoni. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, na mimi nacheka mnadani mdomo una rangi ya kanisa wakati wa Kwaresima.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma hospitali. Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Shikamoo mzee. Fungua mdomo." Akamulika tochi. "Nani amekupaka rangi?"

"Hiyo ni dawa ya ng'ombe. Nzuri sana, ukitaka nitakuletea."

Hakucheka. Alitaka kuona wekundu na weupe wa kidonda, na mimi nimeufunika wote. Akaniambia niache kupuliza, nirudi rangi ikishatoka.

"Hata ng'ombe hajipulizii mwenyewe," mke wangu akasema tukitoka.

Niliporudi, walikata kinyama kidogo wakakipima. Ikawa saratani ya ulimi. Daktari alinieleza bila haraka. Haiambukizi, kwa hiyo nisitengewe kikombe. Ugoro na gongo ninayokunywa vimeichochea. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili tatu kionyeshwe kwa daktari, kiume kisiume. Yangu ingebidi wakate sehemu ya ulimi pamoja na nyama nzima kidogo, isiyo na ugonjwa, inayoizunguka, watoe na matezi ya shingoni, halafu ikibidi nipigwe mionzi.

"Nyama nzima ya nini tena? Si hasara hiyo?"

"Ugonjwa unafika mbali kuliko macho yangu, mzee. Nikikata palepale ninapouona, nitauacha ndani."

Nikakataa. Mnadani mimi nashusha bei kwa mdomo mpaka mwenye ng'ombe ananishukuru. Bila ulimi mimi ni nani? Tena mfanyabiashara mwenzangu wa Mabatini alishanionya kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nilipomwambia daktari hayo, alijibu kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa, na wakifa, kinalaumiwa kisu.

Jioni nilimwambia mke wangu, afadhali nife huku naongea. Alikuwa anachagua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Baba, maneno yako nimeyasikia tangu unioe. Hakuna jipya. Wakate. Mimi namtaka huyo atakayebaki."

Nilimwaza akiwa ameinama vilevile juu ya ungo siku nimeshakufa, akichagua mchele wa mtu mmoja. Asubuhi nikamwambia twende.

Wakanipasua. Nililishwa kwa mrija wa puani, mimi ninayemaliza sahani ya watu wawili. Matezi yalikutwa na ugonjwa, kwa hiyo mionzi ikafuata; mate yakakauka, uji ukapita kooni kama mchanga. Wengine pale wodini walilia. Mimi pia nililia, ila mimi nilijifunika shuka. Kisha nikaanza kujifunza kutamka mbele ya kioo, kama mtoto.

Kliniki bado naenda. Hakuna aliyeniambia kwamba yamekwisha, na mimi sijifanyi kwamba najua.

Juzi mwenye bucha mmoja wa Mkuyuni, mteja mpya, alinipigia simu kuulizia ng'ombe. Nikamtajia bei.

"Aisee, asubuhi yote hii umeshalewa?"

Mke wangu akanyoosha mkono apokee simu, aniongelee. Nikamgeuzia mgongo. Nikaitaja tena ile bei, polepole, neno moja moja, na mara ya tatu tena, mpaka yule bwana akaanza kulalamika kwamba ni kubwa mno.