Siku Niliyomtisha Maman Nsimire

Hadi leo nikipita mbele ya nyumba ya Maman Nsimire naangalia viatu vyangu, na nyinyi mnaouliza kwa nini majambazi wa mchezo wangu hawafungui mdomo, kaeni, nitawaeleza polepole, maana kueleza ndiyo kazi yangu (nafundisha sekondari hapa Bagira) na kueleza ndiko kulikoniponza.

Mchezo wetu ni wa mezani: mmoja anasimulia, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, kete zinaamua. Msimulizi ni mimi. Murhula, rafiki yangu fundi wa simu, alikuwa shujaa mtakatifu, askari wa Mungu ambaye kwa kanuni hofu haimwingii kabisa, na alasiri ile majambazi wangu walipomwambia aweke upanga chini, alicheka.

“Huyu haogopaka. Utamutisha na nini, mwalimu?”

Nikamweleza kwa upole kwamba kuogopa ni kitu kimoja na kutishwa ni kingine, mtu anaweza kukosa hofu na bado akatii.

“Ile ni maneno ya kitabu. Tisha, tuone.”

Ningerusha kete tu, yangeisha. Lakini courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika, nikawa nimefungua dirisha tupate mwanga, na mvua ilipiga mabati hata hatusikilizani, basi nikashika rula ya darasani (ndiyo bunduki), nikajaza kifua, nikapaza sauti ya jambazi, na mvua ikakatika ghafla katikati ya sentensi yangu.

“Weka silaha chini, ama tunaanza na batoto!”

Nje hakuna aliyejua kwamba watoto hao ni wa mchezo tu. Sufuria moja ikagongwa, halafu nyingine, halafu avenue nzima, mtaa wote, kama tunavyofanya wezi wakiingia, na mnajua siku hizi watu wanalala na viatu, tayari kukimbia. Nikakimbia nje kueleza, rula bado mkononi, watu wakatawanyika kwenye matope, mimi nikateleza, nikaanguka mbele ya mlango wa Maman Nsimire, bibi anayelea wajukuu watatu waliokimbia vita kutoka Minova. Yeye hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti kizingitini, amenyoosha simu yake kwa mikono miwili.

“Kamata, papa. Batoto usibaguse.”

“Maman, ni mimi. Mwalimu.”

Aliiangalia rula, kisha uso wangu.

“Ni wewe ulisema batoto?”

“Ilikuwa mchezo, maman. Tulikuwa tunabishana kama mutu asiyeogopa anaweza kutishwa.”

Majirani walikuwa wamerudi, wamesimama wanasikiliza. Akainuka, akapangusa magoti.

“Miye sikuogopa,” alisema. “Nimezeeka. Lakini bale batatu bako ndani.”

Nyuma yangu Murhula, aliyekuwa amenifuata nje, alitia kete mfukoni. “Sawa, mwalimu,” alisema kwa sauti ndogo. “Umeshinda.”

Hakuna aliyenipiga, na heri wangenipiga. Nilipita mlango kwa mlango kuomba radhi, matope hadi shingoni, na kadiri nilivyoueleza mchezo vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa mjinga. Basi njooni tucheze, nitawafundisha taratibu, lakini tishio kwa sauti halitatoka tena kinywani mwangu, hata la uongo. Maman Nsimire bado anaitikia nikimsalimu. Anawaita wajukuu ndani kwanza, kisha anaitikia.