Fremu ya Matundu ya Duara

Nilimdharau mwalimu wangu wa michoro tangu wiki ya kwanza, na sikuona sababu ya kuficha. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, yeye labda ishirini na saba, kaletwa chuo cha ufundi cha Kasulu kutoka Dar na kila asubuhi analalamikia baridi. Alitufundisha kutumia tupa ya kusugulia chuma kwa kuichora ubaoni. Tupa zenyewe zilifungiwa stoo mpaka siku za mtihani, ufunguo mfukoni mwake, zisije zikaibiwa. Vijana waliotoka kidato cha nne wakainakili ile tupa kwenye madaftari, wengine wakaipaka na rangi.

Sikwenda pale kujifunza. Nilifuata cheti. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitengeneza mashine za kusaga unga, kuanzia Kibondo nilikozaliwa hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko kambini ndiko nilikopata riziki ya uhakika. Mwaka 2012 shirika lenye zile mashine likatangaza kwamba fundi asiye na cheti asiziguse tena. Mama mmoja Mkongomani aliyesimamia mojawapo aliniuliza, "Sasa papa, nani atatengeneza mashini? Ni karatasi?" Nilicheka naye, lakini nyumbani nilikuwa na watoto wanne wa shule.

Mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka ulikuwa kutengeneza fremu ya kukalia mota ya mashine ya kusaga. Kila mtu alipewa nakala ya mchoro mmoja aliouchora mwalimu. Nilipoutazama wangu nikakenua meno. Matundu manne ya bolti yalikuwa ya duara! Yeyote aliyewahi kuchafua ovaroli anajua kwamba mkanda wa mashine hulegea, na ukilegea unairudisha mota nyuma kidogo ili ukaze tena. Kwa hiyo matundu lazima yawe marefu, bolti zipate pa kuteleza. Kwa fremu ile ya mwalimu, wiki mbili tu mota ingekuwa inazunguka bure na akina mama wako foleni na muhogo wao.

Sasa, sisi mafundi wa huku tuna tabia moja. Mteja akikuletea kipimo cha kijinga humuumbui. Unaitikia "sawa bosi", halafu unakitengeneza kitu kinavyotakiwa, naye anaondoka akijisifu kwamba anajua kupima. Ndivyo nilivyofanya. Niliyarefusha matundu yote manne, nikalainisha kingo zake, nikakabidhi bila neno, nikijiona muungwana kwelikweli.

Nikafelishwa.

"Mzee wangu," mwalimu aliniambia mbele ya darasa zima, "mchoro unasema duara. Wewe umeleta nini?"

"Nimeleta kitakachofanya kazi, mwalimu."

"Hukuulizwa kama kitafanya kazi."

Vijana wakaangua kicheko. Fremu zao zilipangwa ukutani, zote hazifai kitu, zote zimefaulu. Nikamweleza habari ya mkanda kwa maneno ambayo sikuyachagua vizuri. Akaukodolea macho mchoro wake, na niliona kabisa kwamba ameelewa.

"Kama uliona kosa, kwa nini hukuniambia mapema?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Alama hazikubadilika, na nikarudia mwaka mzima kwa ajili ya matundu manne.

Mwaka uliofuata, siku ya mtihani, alinikabidhi mchoro bila kunitazama usoni. Ulikuwa uleule, haukuguswa hata mstari. Nilisubiri nione kama atasema lolote. Hakusema, nami nikafunga mdomo. Nikapima kwa rula, nikatoboa matundu manne ya duara, safi, hakuna hata moja lililopinda.

Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Nyakitonto, mtu mzima kama mimi, ambaye kwao wana mashine ya kusaga. Alikuwa ameshika drili bila kuiwasha. Akaniinamia.

"Kaka, hivi mkanda ukilegea, hii mota utaisogezaje?"

Mwaka mzima darasani sikuwa nimesikia swali la maana kama hilo. Nilijua jibu lake kuliko mtu yeyote mle ndani. Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache tu, na cheti changu kilikuwa mkononi mwake.

"Fuata mchoro," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akawasha drili. Nilijidharau pale pale, nikiwa nimeshika tupa, kuliko nilivyowahi kumdharau yule kijana wa Dar. Mimi na yule mama, sote wawili tulifaulu.