Firigisi ya Bosi

Jumapili jirani yangu, mwalimu, alimwalika bosi wake chakula cha mchana, pamoja nami, mwandishi. Barua ya mwalimu ya kuomba kuhamia Chiwanda, aliko mumewe, ilikuwa pale mezani ikisubiri saini ya bosi. Alipika kuku wa mtindo wa Thailand, mapishi aliyojifunza kwenye simu: wali, minofu, karoti, na rojo la karanga lililofunika kila kitu. Kila mtu na bakuli lake, limepakuliwa jikoni.

Bosi, mzee wa Litumbandyosi, alichimbua wali hadi chini, kisha akaweka kijiko.

"Mwalimu, kuku huyu alizaliwa bila firigisi?"

Mwalimu akashika ukingo wa meza. "Ipo, mzee. Nilipakua bila kuangalia."

"Iko kwa nani?"

Firigisi, haki ya mgeni mkubwa, ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaacha kutafuna. Mzee akalitazama shavu langu.

"Meza tu, ndugu mwandishi. Hiyo hairudi tena."

Akachomoa kalamu, akasaini.

"Nenda kwa mumeo, mwalimu. Huku utazidi kuwalisha wasiohusika."

Nimeona maombi mengi yakikwama kwa kukosa kiambatisho. Hili limepita kwa sababu kiambatisho nilikila mimi.