Vyuma vya Kabureta

Juzi, katika gereji moja ya Busia, niliona mashine ikitikisa vyuma vidogo vya pikipiki pamoja na vijiwe mpaka vikang'aa. Nilikumbuka Tororo, harufu ya mafuta ya taa, na baba akinikabidhi, mimi binti yake mdogo, vyuma vya shaba vya kabureta ya pikipiki ya Mzungu aliyemwajiri.

"Osha tu, mama. Usisugue," aliniambia.

Nilivisugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria, mpaka vikang'aa. Baba alivifunga kwa haraka. Pikipiki ilikohoa, ikakataa kuwaka. Sasa najua mchanga ulipanua vitundu vya kupitishia petroli.

"Nani amesugua hivi?" Mzungu alifoka alipofungua kabureta.

"Ni mimi, bwana," baba alijibu.

Nilikasirika kwamba ameniibia sifa ya kuving'arisha. Alifukuzwa palepale, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikataa kumshika mkono.